Fedha Isiyo na Muhuri: Historia ya Riale, Furungu na Kijiko cha Chai

Fedha ya zamani ya Temeke, Dar es Salaam, imetunzwa na akina bibi. Ipo chini ya kanga zilizokunjwa ndani ya sanduku la bati, au ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa: furungu moja la mguuni ambalo mwenzake liliuzwa siku ya shida, kijaluba cha tambuu, mrashi uliopinda shingo, sarafu nzito yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na kijiko kidogo cha chai ambacho hakuna tena anayejua kilitoka nyumba gani. Vilifika kwa njia nyingi. Vingine vilikuja kwa barabara ya Kilwa, pamoja na watu wa Rufiji na Kilwa walioingia mjini kutafuta kazi. Vingine vilivuka bahari kwa jahazi kutoka Unguja na Mafia. Kuna vilivyotolewa mahari, kuna vilivyorithiwa, na kuna vilivyonunuliwa kwa Mzungu aliyekuwa anafunga virago. Leo vinaondoka kimoja kimoja, na mara nyingi safari yake inaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa au kwenye chungu cha sonara.

Naandika historia hii kwa sababu naamini vitu hivyo ni kumbukumbu halali za taifa, sawa na karatasi zilizomo kwenye hifadhi za nyaraka. Karatasi za kale za pwani zimebaki chache. Unyevu na mchwa vimefanya kazi yake. Fedha hailiwi na mchwa. Ila ina upungufu mmoja mkubwa: fedha ya pwani haikuandikwa jina. Kijiko cha Uingereza hupigwa mihuri inayotaja mji, mwaka na fundi wake. Furungu la Unguja kwa kawaida halina alama yoyote. Yote yanayojulikana juu yake yamo kichwani mwa mwenye nalo, na akiondoka duniani bila kusimulia, linabaki gramu tu.

Kabla ya riale

Pwani yetu imeijua fedha tangu zamani. Mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa Pemba, walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, na chache za dhahabu. Hazina hiyo ni ya karne ya 11. Vipande vyake vya fedha ni vidogo na vyembamba, lakini vimechongwa kwa ufundi wa hali ya juu: jina la mtawala upande mmoja linafuatana kwa vina, kama shairi, na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili. Kilwa nayo ilitoa sarafu zake kwa karne kadhaa, nyingi zikiwa za shaba, kwa mtindo huo huo wa vina. Kwa hiyo mtu wa pwani alishika fedha yenye jina la mtawala wake mwenyewe miaka mingi kabla Mreno hajatia nanga.

Hata hivyo pwani haikuwa na machimbo ya fedha. Kila chembe ililetwa na bahari, ikalipiwa kwa pembe, dhahabu, mikoko au nafaka. Hali hiyo inaeleza jambo ambalo lingewashangaza wengi: tangu mwanzo, kupata kitu kipya cha fedha kulimaanisha kuyeyusha cha zamani. Fedha ya bibi ilikuwa ya mtu mwingine kabla yake, kwa umbo lingine. Moto ni sehemu ya historia hii, na sitaulaumu moto wenyewe. Nitauliza fedha ilikwenda wapi baada ya moto.

Riale ya Sham

Karne ya 19 ndiyo iliyojaza fedha visiwani na mrimani. Sayyid Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Unguja, karafuu zikapandwa, na bei ya pembe za ndovu ikapanda katika masoko ya dunia. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walifika mapema; mwaka 1833 nchi yao ilitiliana saini na Sayyid Said mkataba wa biashara. Walileta nguo zilizobaki na jina lao, merikani, na pale bidhaa zilipopungua kulipia pembe na karafuu, walilipa kwa sarafu za fedha.

Sarafu hizo zilikuwa za kila aina, na watu wa pwani walizitofautisha kwa macho. Riale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania, yenye nguzo mbili ambazo jicho la mtu wa bandarini liliziona kuwa mizinga. Riale ya Sham ilikuwa ile ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na hii ndiyo inayoonekana zaidi katika makopo ya Temeke hata sasa.

Ichukue mkononi. Ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 zake, 833 ni fedha, yaani takriban gramu 23.4 za fedha tupu. Upande mmoja yupo mama mnene aliyejitanda ushungi, mwenye kipini cha vito begani chenye lulu tisa. Chini ya kifua chake mna herufi S.F. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili, na ukingoni mmezungushwa maneno ya Kilatini yanayotaja haki na huruma. Mwaka ni 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walizoea kuhesabu lulu zile kabla ya kuipokea. Ikipungua moja, sarafu inarudishwa kwa mwenyewe.

Mwaka huo ndipo mkusanyaji mpya anapodanganyika. Maria Theresa alifariki 1780, lakini sarafu yake ilikuwa imependwa mno na wateja wa Bahari ya Shamu kiasi kwamba hawakutaka badiliko lolote. Wapigaji wakaendelea kuitoa na tarehe ile ile, Vienna na, kwa nyakati mbalimbali, Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Riale yenye mwaka 1780 inaweza kuwa imepigwa enzi za Sayyid Said, au miaka ambayo babu yako alikuwa shuleni. Kuzitenganisha kunahitaji kutazama manyoya ya mkia wa tai, umbo la kile kipini cha begani na alama ndogo za ukingoni, kazi ya kioo cha kukuzia na subira.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alijaribu kuwa na riale yake mwenyewe. Mwaka 1882 zilipigwa huko Ubelgiji sarafu za fedha na za dhahabu zenye jina lake kwa herufi za Kiarabu. Ni nzuri, na leo ni adimu. Lakini hazikuweza kuiondoa riale ya Sham wala rupia ya India, ambayo tayari ilikuwa imeshika soko.

Kwa sonara

Riale haikuja pwani kuwa sarafu tu. Uzito wake wenyewe ulikuwa kipimo: wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja, na wakia 16 zilifanya ratili. Familia iliyotaka pambo ilipeleka riale zake kwa sonara, zikahesabiwa mbele ya wenyewe, zikatiwa chunguni juu ya mkaa, mvukuto ukapulizwa mpaka sura ya Maria Theresa ikayeyuka. Fedha ikamiminwa kwenye kalibu, ikafuliwa juu ya fuawe kwa nyundo, ikavutwa kuwa uzi, ikasokotwa, ikaungwa kwa lihamu, kisha ikatiwa nakshi kwa tindo ndogo.

Masonara hao walikuwa watu mchanganyiko kama pwani yenyewe: wenyeji wa Lamu, Siyu na Unguja, Wahadhrami, na Wahindi ambao wengi asili yao ni Kachchh, nchi yenye sifa ya ufuaji fedha. Walitoa mafurungu na mitali ya miguuni, kekee za mikononi, mikufu na vipini vya pua. Kwa ajili ya sebule walitoa mirashi ya kunyunyizia maji ya waridi, vijaluba vya tambuu, na vyetezo vya udi kwa wenye uwezo. Katika jamii ambamo mavazi na mapambo yalionyesha nani ni nani, fedha mguuni ilisema mengi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Tena ilikuwa mali ya mwanamke. Mume akifilisika, mahari na mapambo ya mke hayakuwa ya wadai wake. Hakukuwa na benki kwa ajili ya mwanamke wa Mzizima au Kilwa Kivinje. Benki yake ilikuwa kifundoni.

Tazama furungu la zamani kwa karibu. Kwa nje nakshi imelainika pale lilipogusana na mwenzake kila hatua. Kwa ndani limesuguliwa na ngozi mpaka linang'aa bila kupigwa msasa. Penye bawaba pana msumari mwembamba wa kufungia, na mara nyingi msumari huo si wa asili. Umetengenezwa upya, na fedha yake ni nyeupe kuliko iliyouzunguka. Ukiona kovu la lihamu, ujue lilivunjika likaungwa, maana yake kuna mtu aliyelipenda kiasi cha kulipia matengenezo badala ya kuliuza.

Mbona basi sonara hakupiga jina lake? Kwa sababu hapakuwa na aliyemtaka apige. Hapakuwa na ofisi ya serikali ya kupima fedha, wala kodi ya vyombo vya fedha, wala chama cha mafundi chenye mamlaka ya kumfungia duka. Sonara alikaa mtaa mmoja na wateja wake, aliyeyusha riale zao mbele ya macho yao, na akichanganya shaba kupita kiasi, habari zilifika msikitini kabla ya swala ya Alasiri. Dhamana ilikuwa uso wake. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri kwa walioishi naye. Kwetu sisi tuliokuja baadaye, haukuacha hata herufi moja.

Kijiko cha Birmingham

Miaka ile ile ambayo riale zilikuwa zikimiminika katika Bahari ya Hindi, mafundi wa Birmingham nchini Uingereza walikuwa wakiumiza vichwa juu ya kitu kidogo zaidi: kijiko cha kuchotea majani makavu ya chai. Chai ilikuwa ghali mno kwao katika karne ya 18. Kodi yake ilifikia asilimia 119. Majani yaliwekwa kwenye kisanduku chenye kufuli, na ufunguo alikaa nao mama mwenye nyumba. Mwaka 1784 Bunge lilishusha kodi hiyo hadi asilimia 12.5. Wanywaji wakaongezeka, na vijiko navyo vikaongezeka. Ni kijiko chenye mpini mfupi ili kienee ndani ya kisanduku, na kichwa kipana cha kuchotea. Vya mwanzo vingi vilifuata umbo la kombe la baharini. Mafundi kama Joseph Taylor, Samuel Pemberton na Matthew Linwood wakaongeza majani ya miti, viganja vya mikono, mabawa ya tai, hata kofia ya mpanda farasi wa mashindano.

Birmingham ilipata ofisi yake ya kupima na kugonga fedha mwaka 1773, kwa juhudi za mwenye kiwanda Matthew Boulton, na alama yake ni nanga. Mwaka 1790 ilitungwa sheria iliyovisamehe kupigwa mihuri vitu vingi vidogo vya fedha visivyofika gramu 7.8 hivi. Lakini vijiko vya kuchotea chai vilitajwa humo kwa jina: hivyo havikusamehewa. Kwa hiyo hata kijiko chepesi kuliko barua hubeba simba atembeaye, kuonyesha kwamba sehemu 925 katika 1,000 ni fedha. Nanga ya mji. Herufi ya mwaka. Herufi za jina la fundi. Na kati ya 1784 na 1890, kichwa cha mfalme au malkia kuthibitisha kwamba kodi ya serikali imelipwa. Mkusanyaji wa London anaponunua kijiko hicho leo, ananunua pia cheti chake cha kuzaliwa.

Uingereza na Birmingham yake hazikuwa mbali nasi kama ramani inavyosema. Katika miaka ya 1840, Malkia Victoria alimpelekea Sayyid Said zawadi ya seti ya vyombo vya chai vya fedha iliyopakwa dhahabu. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alizuru Uingereza, na Birmingham ilikuwa miongoni mwa miji aliyotembezwa. Mwaka 1888, kampuni ya Kiingereza iliyokodi ukanda wa Mombasa iliagiza rupia zake za fedha kwa kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Ndizo zenye herufi H. Na katikati ya karne ya 20, kiwanda cha mji huo huo kilipiga riale za Maria Theresa.

Lakini kijiko cha kuchotea chai hakikuota mizizi pwani, na sababu yake iko jikoni. Mgeni wa heshima aliheshimiwa kwa kahawa chungu, tambuu, maji ya waridi na udi. Chai ilipokuja kuwa kinywaji cha kila nyumba, ilipikwa: majani, maziwa, sukari, tangawizi na iliki vikachemshwa pamoja ndani ya sufuria, na majani yakapimwa kwa vidole. Kijaluba ndicho kilichoshika nafasi ya kile kisanduku cha Kiingereza. Ndani yake mlikaa popoo, chokaa na tumbaku. Kilifunguliwa mbele ya mgeni, kikazungushwa, kikafungwa. Ndiyo maana mtu wa Temeke anayetaka kukusanya fedha ya ukarimu aanze na kijaluba na mrashi. Hivyo ndivyo vyombo vyetu.

Rupia, kodi na shilingi

Wajerumani walipoishika bara, kampuni yao ilianza kupiga rupia mwaka 1890, ikiwa na Kaizari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai. Uzito ulifuata rupia ya India: gramu 11.66, sehemu 917 kati ya 1,000 zikiwa fedha. Mwaka 1904 serikali yenyewe ikachukua kazi hiyo, na rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100 badala ya pesa 64.

Rupia ya Kijerumani ilikuwa fedha safi kuliko riale, na sonara aliipenda. Ila sasa fedha ya kaya ilikuwa na mdai mwingine. Kuanzia mwaka 1898, kila nyumba ya kijijini ilitakiwa kulipa kodi ya rupia tatu kwa mwaka. Kwa uzito wa fedha, hiyo ni karibu gramu 32, zaidi ya riale moja nzima. Kabla ya hapo fedha iliyoingia nyumbani ilikwenda kwa sonara ikakaa mguuni miaka 50. Sasa kila mwaka sehemu yake ilirudi boma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokata bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, walipiga heller za shaba na zile sarafu mashuhuri za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Waingereza waliposhika nchi, walikuja na jambo ambalo kwa masonara lilikuwa zito kuliko vita. Mwaka 1920 walitoa florini ya Afrika Mashariki yenye fedha nusu tu, na mwaka 1921 wakaleta shilingi yenye simba na milima. Shilingi hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ilikuwa fedha. Aliyekuwa na rupia alikuwa ameshika gramu 10.7 za fedha tupu. Aliyepewa shilingi mbili badala yake alishika chini ya gramu nne. Unguja iliendelea na rupia mpaka mwanzo wa 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kuanzia 1948 shilingi mpya hazikuwa na fedha hata kidogo.

Hapo ndipo chemchemi ilipokauka. Sonara hakuweza kufua furungu kutoka kwenye shilingi. Riale na rupia zilizobaki zikafichwa, mapambo yaliyokuwepo yakawa ndiyo machimbo pekee, na wanawake wa mjini wakaelekeza tamaa yao kwenye dhahabu. Bibi aliyevaa mafurungu alianza kuonekana wa zamani, kisha akayavua, akayatia sandukuni.

Chai inafika Temeke

Wakati fedha ikiondoka miguuni, chai ilikuwa ikipanda mezani. Wajerumani waliipanda kwa majaribio Amani, Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, na Mufindi ikaja kuwa jina kubwa. Jijini Dar es Salaam, Temeke ilipangwa pamoja na Magomeni kuwa makazi ya Waafrika katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Wakaazi wake walifanya kazi bandarini, relini, na baadaye katika viwanda vya Chang'ombe. Siku ilianza na chai ya rangi na maandazi, kikombe na kijiko.

Vijiko vilivyoingia nyumba hizo vilitoka kila upande, na vingine vilitoka katika meza za maofisa wa kikoloni waliokuwa wanarudi kwao. Ndivyo hivi vinavyoleta ubishi leo sokoni Tandika: mwenye nacho anasema ni fedha, mnunuzi anasema ni bati. Ubishi huu unamalizwa kwa kukigeuza. Ukiona EPNS, hicho ni kijiko cha mchanganyiko wenye nikeli kilichopakwa utando wa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliukatia hataza mwaka 1840. Metali ya ndani huitwa na wengine fedha ya Kijerumani, nayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, bila fedha yoyote. Ukiona simba atembeaye, hiyo ni fedha halisi ya Kiingereza. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na taji lilikuwa la Sheffield mpaka 1975. Ukiona mwezi mwandamo, taji na namba 800, ni fedha ya Ujerumani iliyogongwa baada ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1888. Sumaku nayo inasaidia: kikinasa, si fedha. Kisiponasa, bado hujathibitisha kitu, kwani shaba pia haivutwi.

Januari 1964 ilitikisa masanduku mengi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia nyingi ziliondoka na kile kilichoweza kubebwa, na fedha ni nyepesi kwa thamani yake. Nyingine ilivuka hadi Dar es Salaam na Mombasa, nyingine ikafika Oman, hasa baada ya 1970 Sultani Qaboos alipowafungulia mlango waliotoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo mafurungu ya karakana moja yanaweza kuwa leo yamegawanyika, moja Mbagala na jingine Muscat.

Mizani na kalamu

Adui mkubwa wa vitu hivi ni bei. Januari 1980 fedha ilifika karibu dola 50 kwa aunsi katika soko la dunia, na miezi michache baadaye ikaporomoka. Aprili 2011 ilikaribia tena kiwango hicho, na mwaka 2025 ikakivuka. Kila bei inapopanda, vyombo vya kale hutiwa motoni duniani kote, na Temeke haijasalimika. Simlaumu anayeuza. Karo ya mjukuu na dawa ya hospitali haziwezi kungoja historia. Lakini tofauti na zamani ni hii: riale iliyoyeyushwa Unguja ilizaliwa upya kuwa furungu mtaa ule ule, na furungu lililovunjika likawa vipini vya mabinti. Ufundi ulibaki, fedha ikabaki, na aliyelitengeneza alijulikana. Furungu linalouzwa leo kwa gramu linakuwa kinoo kisicho na nchi, na hakuna sonara wa jirani anayejifunza chochote kutokana nalo.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inataka kibali kwa anayetaka kuvisafirisha nje ya nchi. Lakini sheria inayotegemea tarehe inashindwa mbele ya furungu lisilo na tarehe. Nani atathibitisha ni la 1850 au la 1900? Makumbusho ya Taifa pale mjini, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yanaweza kupima fedha yake na kutaja asilimia. Hayawezi kutaja mwanamke aliyelivaa. Hilo lazima liandikwe na wenyewe wangali hai.

Ndiyo maana nawashauri vijana wanaoanza kukusanya, na wapo, wabadilishe swali la kwanza. Mnunuzi wa skrepa humwuliza bibi, "Ina gramu ngapi?" Mkusanyaji wa kweli aanze, "Shikamoo bibi. Hili lilikuwa la nani?" Kisha aandike: jina la aliyelivaa, alikotoka, lilipatikana kwa mahari, kwa urithi au kwa kununua, sonara alikuwa wa mtaa gani, na ni nani aliyesimulia na lini. Apige picha nje, ndani na penye bawaba. Apime uzito. Mambo hayo yanafaa kuandikwa hata kama bibi hauzi, na hata kama ameamua kuuza kesho. Familia inayouza furungu lakini ikabaki na karatasi na picha imepoteza nusu tu.

Na kwa anayebahatika kulitunza, alitunze bila kuliharibu. Majivu na ukwaju ambavyo bibi zetu walisugulia fedha vinang'arisha, lakini kila msuguo unakula nakshi kidogo. Weusi wa fedha hauliozeshi pambo. Ni utando mwembamba unaotokana na salfa iliyo hewani, na ndani ya mashimo ya nakshi unasaidia mchoro kuonekana. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Lisifungwe kwa mpira wala kwa karatasi ya gazeti, kwani vyote vinaharakisha weusi.

Waingereza walilazimisha hata kijiko cha chai kiandikwe kwa sababu serikali yao ilitaka uthibitisho wa fedha na wa kodi, na wajukuu wao wakarithi historia bila kutarajia. Sisi hatuna sheria ya 1790. Tuna wazee ambao bado wanakumbuka, daftari la shule la bei nafuu, na simu yenye kamera katika kila nyumba ya Tandika na Mbagala. Kazi hii inawezekana kufanyika mwaka huu, mtaa kwa mtaa, na walimu wa historia wa shule za Temeke wangeweza kuikabidhi kwa wanafunzi wao kesho asubuhi.